Namna ya Kumkalisha Mtoto Mdogo Kando ya Mzazi Wake Ndani ya Ndege

Familia nyingi hugundua kwamba zimetawanywa ndani ya ndege zikiwa tayari zimefika uwanjani, foleni ni ndefu, mtoto ana usingizi, na karani wa kaunta anasema kwa upole kwamba ndege imejaa. Saa ile yanayoweza kufanyika ni machache, kwa kuwa viti viligawiwa siku nyingi zilizopita, vingine kwa fedha na vingine kwa bahati. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mzazi au mlezi anayesafiri na mtoto wa chini ya miaka 12, nao unafuata mwendo wa safari yenyewe, kuanzia siku ya kununua tiketi hadi dakika za mwisho kabla ya milango kufungwa. Sehemu kubwa ya maelezo inahusu siku ya kununua tiketi, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi hufanyika na hapo ndipo kuyasahihisha ni rahisi zaidi.

Jambo lenyewe si la starehe tu. Hewa ikipungua ghafla ndani ya ndege inayoruka futi 35,000 juu, mtu mzima ana muda usiofika dakika moja, pengine nusu yake tu, kabla fahamu zake hazijaanza kupotea. Ndiyo maana wahudumu hutuambia tuvae barakoa ya oksijeni sisi wenyewe kwanza, kisha tumvalishe mtoto. Maelekezo hayo hayana maana yoyote ikiwa mtoto yuko safu saba nyuma, kati ya watu wawili waliolala. Vilevile, ndege kubwa za abiria huidhinishwa kwa sharti kwamba watu wote waliomo waweze kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango ya dharura ikiwa haitumiki. Mzazi aliyetenganishwa na mwanawe hatatoka kwanza akamsubiri nje. Atageuka na kwenda kinyume na mkondo wa watu, na kwa kufanya hivyo atawachelewesha wote walio nyuma yake. Hoja hii ya usalama ni vyema kuikumbuka, kwani ndiyo utakayoitumia baadaye ukizungumza na karani au mhudumu, nayo husikilizwa kuliko malalamiko kuhusu fedha.

Siku ya kununua tiketi

Kanuni ya kwanza ni kwamba watoto na angalau mtu mzima mmoja atakayekaa nao wawe katika buking moja, yenye namba moja ya uthibitisho. Mfumo wa kugawa viti huitazama namba hiyo kama kifungu kimoja cha watu, na mashirika mengi yana programu zinazojaribu kukiweka kifungu hicho pamoja kabla ya kugawa viti vilivyobaki. Baba akinunua tiketi yake na ya kifungua mimba kwa wakala wa Kariakoo, mama naye akanunua yake na ya kitinda mimba kwa simu siku tatu baadaye, mbele ya kompyuta hao ni makundi mawili ya watu wasiojuana.

Kwa watu wa kwetu kuna kikwazo cha ziada ambacho miongozo ya Ulaya na Marekani haikitaji kabisa, nacho ni majina. Mtoto wa pwani au wa bara mara nyingi hubeba jina lake, la baba na la babu, ilhali mama yake amebeba la baba yake yeye mwenyewe, hata baada ya kuolewa. Karani anayetazama orodha ya abiria akikuta Asha Juma Salehe na Idrisa Bakari Mfaume hana njia ya kujua kwamba huyo ni mama na huyu ni mwanawe. Mfumo unaotafuta jina la ukoo linalofanana utashindwa pia. Kwa sababu hiyo namba moja ya buking ina uzito kwetu kuliko ilivyo kwa familia ambayo wote wanaitwa kwa jina moja la mwisho, na kwa sababu hiyohiyo ni busara kubeba nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ambacho hata hivyo maofisa wa uhamiaji wanaweza kukiuliza.

Ikiwa tiketi zimekwisha kununuliwa mbalimbali, usikate tamaa. Pigia shirika simu au nenda ofisini kwao ukiwa na namba zote mbili, uombe maelezo yaandikwe katika kila buking kwamba abiria hawa wanasafiri pamoja na kwamba miongoni mwao yumo mtoto wa umri fulani. Mara nyingi buking mbili haziwezi kufanywa moja baada ya malipo, lakini zinaweza kuunganishwa kwa maelezo, na karani wa kaunta atayaona maelezo hayo kwenye skrini yake.

Kanuni ya pili ni kuandika tarehe halisi ya kuzaliwa ya mtoto na kuhakikisha kwamba amesajiliwa kama mtoto. Wakala mwenye haraka anaweza kumwingiza kila abiria kama mtu mzima, hasa pale tofauti ya nauli inapokuwa ndogo, na mtoto wa miaka minne aliyesajiliwa hivyo hugawiwa kiti kama mfanyabiashara anayesafiri peke yake. Soma tiketi kabla hujatoka ofisini. Angalia pia umri utakaokuwa nao mtoto siku ya kurudi, wala si siku ya kwenda tu: mtoto wa chini ya miaka miwili huruhusiwa kukaa mapajani, na katika safari nyingi za kimataifa nauli yake huwa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, lakini akitimiza miaka miwili mkiwa safarini atahitaji kiti chake mwenyewe wakati wa kurudi. Kiti hicho kikitafutwa siku ya safari, hakuna ajuaye kitakuwa wapi.

Kanuni ya tatu inahusu nauli za chini kabisa. Mashirika mengi siku hizi huuza tiketi ya bei ya chini isiyompa abiria haki ya kuchagua kiti. Kiti hugawiwa na kompyuta, na kukibadilisha ni kwa malipo. Kabla ya kufurahia bei hiyo, jumlisha: nauli ya chini pamoja na ada ya viti kwa watu wote, kwa kila ndege mtakayopanda, kwenda na kurudi. Safari ya Dar es Salaam hadi London kupitia mji mwingine ina ndege nne kwa jumla, na ada ya kiti huhesabiwa kwa kila moja. Mara kadhaa nimeona hesabu hiyo ikizidi tofauti kati ya nauli ya chini na ile inayofuata, ambayo pengine huruhusu kuchagua kiti bure na kubeba begi la pili. Yapo pia mashirika yenye utaratibu wake wa pekee. Ryanair, kwa mfano, humlazimu mtu mzima mmoja anayesafiri na watoto wa chini ya miaka 12 alipie kiti chake, kisha huwapa watoto wanaosafiri naye viti vya kando yake bila malipo.

La mwisho kwa siku hiyo ni kujua ndege itarushwa na nani. Tiketi inaweza kuwa na nembo ya shirika moja na ndege ikawa ya shirika jingine, kwa kuwa mashirika huuziana nafasi. Katika hali hiyo kiti ulichochagua kwenye tovuti ya shirika lililokuuzia huenda kisifike kwa shirika linaloruka. Tafuta kwenye tiketi maneno yanayotaja shirika linaloendesha safari, uombe namba ya buking ya shirika hilo, ambayo huwa tofauti na uliyonayo, kisha uingie kwenye tovuti yao uthibitishe viti huko. Kazi hii huchukua dakika kumi, na kwa maoni yangu hakuna dakika kumi zenye faida zaidi katika maandalizi yote ya safari.

Kuisoma ramani ya viti

Kabla ya kuchagua, fahamu umbo la ndege. Ndege za propela kama ATR 72 na Dash 8 Q400, ambazo wasafiri wa ndani ya Tanzania na Kenya wanazijua vyema, zina viti viwili kila upande wa njia, na vivyo hivyo ndege ya Embraer 190. Boeing 737 ina vitatu kila upande. Airbus A220 ya Air Tanzania ina viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, mpango unaoifaa sana familia ya watu watatu na pia mzazi mmoja mwenye mtoto mmoja. Boeing 787 ya Air Tanzania na ya Kenya Airways ina vitatu, vitatu na vitatu katika daraja la kawaida, na ndege nyingi za Boeing 777 za mashirika ya Ghuba zina vitatu, vinne na vitatu.

Familia ya wanne katika ndege yenye safu ya viti vinne katikati haina haja ya kufikiri sana. Ichukue vile vinne, wazazi wakae kwenye ncha na watoto katikati, ili mtoto asiwe na njia ya kutoroka wala mkono wake usigongwe na kigari cha chakula kinachopita. Familia hiyohiyo katika ndege ya vitatu kwa vitatu ina chaguo mbili. Ya kwanza ni mzazi mmoja kukaa na watoto wawili upande mmoja, na mzazi wa pili kukaa kiti cha kando ya njia upande wa pili wa safu ileile. Ya pili ni wawili mbele na wawili nyuma yao, kila mzazi na mtoto mmoja. Mimi naipenda hii ya pili kwa sababu moja ambayo abiria wenzangu wataithamini: mtoto akipiga mateke kiti cha mbele, anayepigwa ni mama yake.

Mzazi mmoja mwenye watoto wawili katika ndege ya viti viwili kwa viwili hawezi kukaa na wote upande mmoja. Amweke mdogo dirishani kando yake, na mkubwa kwenye kiti cha kando ya njia upande wa pili wa safu ileile, ambapo mkono wa mzazi unaweza kumfikia. Asimweke safu ya nyuma yake, hata kama ni kiti cha dirishani na mtoto anakililia, kwa sababu hataweza kumwona bila kusimama, na wakati wa kuruka na wa kutua hakuna anayeruhusiwa kusimama.

Viti vya kuepuka ni vile vya safu ya mlango wa dharura. Vina nafasi kubwa ya miguu na ramani huvionyesha kama vizuri mno, lakini mtoto haruhusiwi kukaa hapo, wala mtu mzima aliyempakata mtoto. Mfumo wa tovuti wakati mwingine humuuzia mzazi kiti hicho, kisha wahudumu humwondoa dakika za mwisho na kumpeleka panapopatikana, nacho ndicho chanzo cha familia kutenganishwa ambacho mwenyewe huwa amekilipia.

Ndege ndogo za kwenda Unguja, Pemba au Mafia, kama Cessna Caravan, ni habari nyingine kabisa. Huko hakuna ramani ya viti. Abiria na mizigo hupimwa uzito, na ni rubani au mfanyakazi wa uwanjani anayeamua nani akae wapi ili ndege iwe na mizani. Mwambie mapema kwamba una mtoto mdogo, wala usibadili kiti ulichoonyeshwa bila kumuuliza.

Mtoto wa mapajani na kitanda cha ukutani

Wazazi wa mtoto mchanga hupenda safu ya mbele inayotazamana na ukuta, kwa kuwa katika ndege za safari ndefu ndipo kinapofungwa kitanda kidogo cha mtoto. Vitanda hivyo ni vichache, huombwa kwa simu au ofisini mara baada ya kununua tiketi, na kila shirika lina kikomo chake cha uzito na urefu, hivyo mpime mtoto kabla ya kuuliza. Safu hiyo ina kasoro zake pia. Maegemeo ya mikono huwa hayainuki, kwa sababu meza ya kulia na pengine skrini vimefichwa ndani yake, hivyo mtoto wa miaka mitatu hawezi kujinyoosha na kulala kwenye viti viwili. Hakuna kiti cha mbele cha kuwekea mkoba chini yake, kwa hiyo nepi, chupa na nguo za kubadilisha hupandishwa juu wakati wa kuruka na wa kutua, yaani wakati uleule unapozihitaji. Na misukosuko ya hewa inapoanza, mtoto hutolewa kitandani na kurudishwa mapajani, hata kama ndiyo kwanza amelala. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita kitanda hicho ni neema. Kwa mtoto anayetambaa, nadhani ni bora kuchagua safu ya kawaida.

Familia yenye watoto wawili wa mapajani, mathalani mapacha, ijue habari ya barakoa za oksijeni. Juu ya kila kundi la viti huwa na barakoa moja ya ziada: kwenye viti vitatu vya Boeing 737 zipo nne. Kwa hiyo watoto wawili wa mapajani hawawezi kukaa katika kundi moja la viti, na mfumo au mhudumu atawatenganisha wazazi hata kama walikwisha kulipia viti vya pamoja. Suluhisho ni kuchagua tangu mwanzo viti vya safu moja vilivyo pande mbili za njia, au safu mbili zinazofuatana.

Mzazi anayeweza kumnunulia mtoto wa chini ya miaka miwili kiti chake mwenyewe, akaja na kiti cha mtoto cha garini, anampa usalama mkubwa zaidi, kwani mikono ya mtu mzima haiwezi kumshikilia mtoto katika mtikisiko mkali. Kiti hicho kiwe na kibandiko kinachosema kimeidhinishwa kutumika kwenye ndege. Mahali pake ni dirishani, ili kisiwazuie wengine kutoka. Kwa watoto waliokua kidogo ipo mikanda maalumu ya mabegani inayofungwa kwenye kiti cha ndege. Ule unaoitwa CARES umeidhinishwa nchini Marekani kwa mtoto mwenye uzito wa kilo 10 hadi 20 na urefu usiozidi mita moja hivi, nao hukunjika na kuingia kwenye mkoba.

Sheria inasemaje, kutegemea unakokwenda

Kanada ndiyo yenye kanuni zilizo wazi zaidi. Tangu tarehe 15 Desemba 2019, kanuni zake za kuwalinda abiria zinalitaka shirika lisaidie kumweka mtoto wa chini ya miaka 14 karibu na mzazi au mlezi wake bila malipo ya ziada. Mtoto wa chini ya miaka 5 awe kwenye kiti kilicho kando ya mzazi. Wa miaka 5 hadi 11 awe safu ileile, wasitenganishwe na zaidi ya kiti kimoja. Na wa miaka 12 au 13 asitenganishwe na zaidi ya safu moja. Shirika likishindwa kupanga viti hivyo kabla ya kuchekini, yaani kabla ya abiria kuthibitisha safari na kupewa kadi ya kupandia ndege, linapaswa kujaribu wakati wa kuchekini, kisha kuwaomba abiria wengine wajitolee kubadilisha wakati wa kupanda, na kuwaomba tena kabla ndege haijaruka. Kanuni hizi zinahusu ndege zinazoingia, zinazotoka na zinazoruka ndani ya nchi hiyo, kwa hiyo ndugu wa Toronto au Edmonton anayeleta wanawe kuwasalimia bibi na babu anaweza kuzitaja kwa shirika lolote analopanda huko, liwe la Kanada au la nchi nyingine.

Nchini India, ambako familia nyingi za Afrika Mashariki husafiri kwa matibabu, mamlaka ya usafiri wa anga iliagiza mwezi Aprili 2024 kwamba mtoto wa hadi miaka 12 apewe kiti pamoja na angalau mzazi au mlezi mmoja anayesafiri naye katika buking moja. Tazama maneno hayo ya mwisho. Ndiyo yaleyale niliyoanza nayo.

Marekani imekwenda kwa hatua ndogondogo. Sheria ya mwaka 2016 iliielekeza wizara ya uchukuzi iangalie suala la watoto wenye umri wa miaka 13 na chini ya hapo. Mwaka 2022 wizara iliyahimiza mashirika yawakalishe na watu wazima wao bila ada. Mwezi Machi 2023 ikaweka wazi kwenye tovuti yake jedwali linaloonyesha mashirika makubwa ya nchi hiyo yaliyoahidi kufanya hivyo na yasiyoahidi. Na mwezi Agosti 2024 ikatoa pendekezo la kanuni ya kuzuia ada hiyo kabisa. Jambo la vitendo kwa msafiri wa Minneapolis au Columbus ni kusoma masharti ya usafiri ya shirika lenyewe, kwa sababu ahadi iliyoandikwa humo inalifunga shirika. Masharti hayo mara nyingi huhitaji mambo mawili: buking moja, na viti vyenye kukaribiana viwe vilikuwepo wakati wa kununua. Uingereza ina mwongozo wa mamlaka ya anga unaosema kwamba watoto wadogo inafaa wakae safu moja na watu wazima wao, na isipowezekana wasitenganishwe na zaidi ya safu moja.

Saa 24 za mwisho na siku yenyewe

Viti vilivyothibitishwa vinaweza kufutika. Shirika likibadilisha aina ya ndege, ramani nzima hupangwa upya, na hakuna anayekupigia simu. Hivyo ndivyo ilivyotupata sisi mwaka mmoja tukielekea Mumbai: tulichagua viti vitatu vya pamoja miezi miwili kabla, ndege ikabadilishwa wiki ya mwisho, nasi tukagundua kwenye kaunta kwamba mtoto wetu wa miaka mitatu amepewa kiti cha katikati safu ya 31 na mama yake yuko safu ya 24. Tangu siku hiyo huwa nafungua buking mara tatu: mwezi mmoja kabla, wiki moja kabla, na siku mbili kabla ya safari.

Kuchekini kwa intaneti katika mashirika mengi hufunguliwa saa 24 kabla ya safari, na katika mengine saa 48. Weka kengele ya simu, uingie dakika ileile huduma hiyo inapofunguliwa, kwa sababu wakati huo viti vilivyokuwa vimezuiwa huachiliwa, na abiria waliopandishwa daraja huacha vyao wazi. Wachekini watu wote wa buking kwa mara moja. Ukimchekini baba peke yake ili aokoe muda, unaweza kuwa umekivunja kifungu kwa mikono yako. Mfumo ukikataa kwa sababu kuna mtoto mchanga, jambo ambalo hutokea mara kwa mara, nenda uwanjani mapema, saa tatu au nne kabla ya safari ya kimataifa.

Kwenye kaunta, sema jambo lako kwa kifupi, ukianza na umri: “Shikamoo, mama. Mwanangu ana miaka mitatu, na amepangiwa kiti mbali na sisi wote. Tunaomba mmoja wetu awe kando yake.” Ombi la kiti kimoja cha mzazi mmoja hutimizwa mara nyingi zaidi kuliko ombi la kuiweka familia nzima ya watu watano pamoja, na ukweli ni kwamba baba na mtoto wa miaka 14 hawatadhurika wakikaa mbali. Karani akishindwa, mwombe aandike maelezo, kisha uende moja kwa moja kwenye mlango wa kupandia ndege kabla watu hawajaanza kujipanga. Wafanyakazi wa mlangoni ndio wanaojua ni abiria gani hawajafika, na viti vya hao huanza kugawiwa upya dakika za mwisho.

Kubadilishana na abiria mwingine

Ikifika hatua ya kumwomba abiria mwenzako, kumbuka kwamba pengine naye alilipia kiti chake. Ombi linalokubalika ni lile linalompa kiti kilicho sawa na chake au bora zaidi. Kwa hiyo mzazi aliyepewa kiti cha kando ya njia ana mtaji mkononi, kwa kuwa aliye kando ya mtoto mara nyingi yuko kwenye kiti cha katikati na atafurahi kuhama. Mzazi aliyepewa kiti cha katikati karibu na choo hana cha kutoa, na ni afadhali amwachie mhudumu kazi ya kuomba. Maneno yanaweza kuwa haya: “Samahani, kaka yangu, mtoto huyu wa miaka minne amepangiwa kiti kando yako, nami nipo safu ya 18, kiti cha kando ya njia. Ungekubali tubadilishane?” Akisema hapana, mshukuru na umwendee mhudumu, usimbishie, wala usiwaite abiria wengine wawe mashahidi. Usikalie kiti cha mtu kabla hajafika ukitumaini kwamba ataona haya kukuondoa. Kwetu sisi wengi wataona haya kweli, lakini watakwenda safari nzima wakinung'unika.

Fanya maombi haya mapema, kabla mizigo haijapandishwa juu, na kwa hakika kabla ya milango kufungwa. Mwambie mhudumu mkuu wazi kwamba mtoto wako hawezi kufunga mkanda wala kuvaa barakoa peke yake, na kwamba unaomba lishughulikiwe kabla ya ndege kuondoka. Mkikosa kabisa mahali pa kuhamia, omba angalau mtoto awe upande wa pili wa njia au safu moja mbele yako, umwonyeshe mhudumu aliye karibu naye mahali ulipo, na umwambie mtoto mwenyewe, huku mkono wako ukimwonyesha, ni kiti gani mama amekaa.

Ikiwa ulilipia viti na hukuvipata, hifadhi risiti ya malipo hayo pamoja na kadi zote za kupandia ndege, ikiwemo ya mtoto, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha namba za viti mlivyokalia kweli. Piga picha vyote viwili kabla hamjatoka uwanjani, kisha uliandikie shirika ndani ya siku chache ukidai kurudishiwa ada ya kiti kwa kila ndege iliyohusika, kwenda na kurudi zikiandikwa mbalimbali.